Kofia ya Alhamisi

Royce Stallcup alikiri saa tatu kasorobo asubuhi ya Jumapili, kahawa ikiwa bado motoni. Hakuna aliyemwomba. Alivuta karatasi aliyoiandika mwenyewe kwa herufi kubwa, akaisukuma juu ya meza, akaweka kalamu juu yake.

"Haya," alisema. "Sahihi nimeshatia. Peleka."

Odell Battiest hakuigusa. Alikuwa naibu sherifu miaka kumi na tisa, na huu ulikuwa mwaka wa sita wa kukichunguzia Chama cha michezo ya shule za sekondari. Miaka yote hiyo watu walimdanganya ili watoke kwenye kosa. Anayedanganya ili aingie kwenye kosa hakuwa amemwona bado, na jambo hilo lilimkera kama kokoto ndani ya kiatu. Alikuwa amesimama dirishani, kwa sababu viti vya watu vilimshinda. Hata kanisani alisikiliza mahubiri akiwa mlangoni.

"Kaa basi, Odell, unanichosha macho," Royce akasema. "Isome."

Aliisoma kwa kusimama. *Mimi, Royce Stallcup, refa mkuu wa nusu fainali ya Ijumaa kati ya Kersey na Talbot, niliacha mchezo uendelee kwa makusudi nikijua mpira umekufa. Nilifanya hivyo kwa chuki niliyonayo kwa kocha wa Kersey. Waamuzi wenzangu wanne hawakujua.*

Habari za Ijumaa hakuna asiyezijua upande huu wa Mto Mwekundu, mpaka wetu na Texas. Timu zilimaliza ishirini kwa ishirini, wakaingia muda wa nyongeza. Hapa Oklahoma, katika mpira wa Kimarekani, ule wa kushikwa mkononi, kanuni ya shule ni nyepesi: kila timu inapewa zamu moja ya kushambulia kuanzia yadi ya kumi, na anayezuia akiunasa mpira, mpira unafia mikononi mwake. Filimbi inalia, zamu imekwisha, sasa ni zamu yake yeye kushambulia. Kersey walianza. Mrushaji wao alirusha pasi, mlinzi wa Talbot akainasa kwenye yadi ya pili, na filimbi haikulia. Kijana akakimbia uwanja mzima, yadi tisini na nane, hakuna wa kumgusa. Royce akainua mikono miwili juu. Bao, pointi sita. Ishirini na sita kwa ishirini, mchezo umekwisha, waamuzi wakaondoka. Mpaka kocha wa Kersey alipoupata ukurasa kwenye kitabu cha kanuni, watu wale walikuwa wanaoga.

Na hapo ndipo penye mwiba. Chama kina kanuni moja kuukuu: kosa la refa, liwe kubwa kama ghala, halifuti matokeo. Refa akishatoka uwanjani, yaliyopita yamepita. Kusudi peke yake ndilo linalofuta. Mkurugenzi wa Chama, Fern Oyler, alikuwa anangoja jibu la Odell kabla ya saa kumi na moja jioni. Akiambiwa ilikuwa kusudi, mechi itarudiwa Jumanne. Akiambiwa ilikuwa kosa, Talbot wanakwenda fainali, na vijana wa Kersey wanarudisha jezi, msimu wao umekwisha.

"Chuki gani hiyo?" Odell akauliza.

"Hutchens aliniita kipofu mbele za watu. Miaka minne iliyopita."

"Wewe unaitwa kipofu kila Ijumaa, Royce."

"Yeye alimaanisha."

"Uliamua lini kuwaonea?"

"Palepale."

"Palepale wapi? Mpira uko hewani? Umeshanaswa? Kijana yuko nusu ya uwanja?"

Royce alikunja midomo. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja, mabega mapana, na miwani aliyoivua kila alipotaka kuonekana mkali. Aliivua sasa. "Uliponaswa."

"Mwamuzi wa nyuma alikuwa hatua tatu tu kutoka kwenye mpira. Filimbi ya pale ni yake, si yako. Yeye alinyamaza kwa nini?"

"Walinifuata mimi. Kofia nyeupe ya refa mkuu uwanjani ni moja."

"Sawa. Iko wapi?"

"Nini?"

"Hiyo kofia."

Royce alimtazama mkewe kwanza. Nadine alikuwa kwenye sinki amewapa mgongo, mikono ndani ya povu. "Nimeichoma," Royce akasema. "Jana, kwenye pipa la taka. Sistahili kuivaa tena."

"Jana mvua imenyesha kutwa."

"Nilitia dizeli."

Mikono ya Nadine ilisimama ndani ya maji. Kisha ikaendelea na sahani ileile iliyokuwa imeshaoshwa. Odell alikunja karatasi ya kukiri, akaitia mfukoni, akaaga bila kunywa kahawa.

Hakwenda garini moja kwa moja. Alipitia uani, akachukua fimbo, akalikoroga lile pipa. Majivu yalikuwa yamelowa, mazito kama ugali, na ndani yake mlikuwa na makopo mawili na waya wa kitabu. Kofia ya refa ina kifungo cha chuma pale utosini, kimevikwa kitambaa. Kitambaa kinaungua, chuma hakiungui. Alikoroga mpaka akafika kwenye kutu ya chini. Kifungo hakikuwepo.

Kersey ni mwendo wa dakika arobaini, na Odell aliumaliza kwa thelathini na moja. Kocha Dale Hutchens alikuwa ofisini kwake, chumba kidogo kilichobanwa na kofia ngumu za wachezaji, macho mekundu kwa kutolala. Ukutani kulikuwa kunagonga kitu, puu, kinanyamaza, puu tena.

"Ni Colt," kocha akasema. "Colt Wesley. Ndiye aliyerusha ile pasi. Tangu jana anarusha mpira kwenye ukuta wa chumba cha vyuma vya mazoezi. Nimemwambia aende nyumbani, ananiambia ndiyo kocha, kisha anarusha tena. Ni mwaka wake wa mwisho. Mimi nina kitu gani kingine cha kunikosesha usingizi? Niambie, Odell, Royce amesema nini?"

"Kwanza nionyeshe picha za kamera."

"Nimeshakitumia Chama picha mia moja za hiyo pasi."

"Siitaki pasi. Nataka zile dakika tatu za kabla ya nyongeza."

"Kabla? Kabla hakuna kitu, bwana. Ni mapumziko, watu wanakunywa maji."

"Nionyeshe watu wanaokunywa maji."

Kamera ya Kersey ilikaa juu ya paa la majukwaa na haikuzimwa tangu mwanzo mpaka mwisho. Wachezaji walionekana wamezunguka makocha wao. Katikati ya uwanja Royce alikuwa peke yake. Alivua kofia, akaigeuza, akaiinamia. Alikaa hivyo, akaivaa tena.

"Rudisha," Odell akasema. "Anafanya nini hapo?"

"Anajifuta jasho."

"Ijumaa baridi ilikuwaje?"

Kocha aliitazama skrini tena. "Maji yaliganda kwenye vikombe," akasema polepole.

"Endelea."

Royce alichukua mpira, akatembea. Hakufika mstari wa yadi ya kumi. Alipofika kwenye ya ishirini na tano akasimama, akainama auweke. Lamar Gaines, mwamuzi wa kati, alimkimbilia akamwambia neno. Royce akapiga kofi paja lake, akacheka, akasonga mbele kuuweka kwenye ya kumi.

"Mimi niliona hilo," kocha akasema. "Nikadhani mzee anazuga, anatutoa wasiwasi. Royce ana utani."

"Wewe una ugomvi naye?"

Hapo kocha alichangamka. "Lisemwalo lipo, Odell! Na kama halipo, linakuja. Watu wote wanasema kuna kitu."

"Watu sijawauliza. Ulimwita kipofu?"

"Nilimwita. Miaka minne iliyopita, mbele ya wazazi." Alijikuna shingo. "Halafu tukaenda kula kambare, mimi na yeye na Nadine. Alicheka mpaka akapaliwa na mwiba." Baada ya kusema hivyo alitulia, akamwangalia Odell, akaonekana kutamani kuyarudisha maneno mdomoni. "Lakini huwezi kujua moyo wa mtu. Andika hivyo. Andika huwezi kujua moyo wa mtu."

"Naandika ulichosema," Odell akasema, naye kweli aliandika, akimwonea huruma. Mtu anayetaka mechi kwa nguvu zake zote, na bado hajui kusema uongo.

Mlangoni alikutana na Colt Wesley, mrefu, mpira kwapani, vidole vimechubuka.

"Shikamoo, bwana Battiest. Jumanne tunacheza?"

"Sijui bado."

"Watu wanasema refa alitufanyia kusudi. Ni kweli?"

"Nani kakuambia?"

"Kila mtu." Alikuwa anauzungusha mpira bila kuutazama. "Mimi sijawahi hata kuongea naye. Nimemkosea nini?"

Odell alimpiga bega, akatoka nje karibu anakimbia.

Virgil Pogue Odell alimkuta kwenye mkahawa wa samaki wa kambare, watu wakitoka makanisani, tai zimelegezwa. Virgil alichomelea vyuma siku za kazi, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mkuu wa watu wa mnyororo katika uwanja wa Kersey: wale wanaosimama pembeni na ule mnyororo wa yadi kumi, kupima kama timu imesogea vya kutosha. Odell alisimama kando ya meza yake. Mhudumu alimzunguka mara mbili na sinia, mara ya tatu akamsukuma kwa kiuno.

"Virgil, Ijumaa, muda wa nyongeza. Royce aliwaambia nini?"

"Kaa kwanza, utanimwagia chai."

"Aliwaambia nini?"

"Ee, tumbo joto wewe!" Virgil aliweka uma chini. "Alitupigia kelele. 'Virgil, ishirini na tano, leteni mnyororo.' Nikamwambia, Mzee, tangu lini? Unaanzia kumi, goli lile pale. Mnyororo tupimie nini, kaburi lako? Akacheka, akatufukuza. Nilidhani ni mzaha."

"Na mnyororo unahitajika wapi kwenye muda wa nyongeza?"

"Ng'ambo ya mto. Texas shule zao zinafuata kanuni za vyuo. Wanaanzia ishirini na tano, kwa hiyo lazima upime." Virgil aliinua kipande cha samaki, akakiacha katikati ya safari. "Kule pia ukiunasa mpira, haufi. Unakimbia nao."

"Royce na wenzake Alhamisi walikuwa wapi?"

"Kila Alhamisi wako ng'ambo. Wote watano, kwenye pikapu ya Royce, wanakwenda kuchezesha timu za vijana wa madarasa ya chini. Alhamisi Texas, Ijumaa kwetu. Miaka nenda rudi." Sauti yake ilishuka. "Ala. Odell. Usiniambie."

"Sijakuambia kitu."

Alimpigia Lamar Gaines akiwa anatembea huku na huku kati ya magari yaliyoegeshwa, upepo ukimpokonya maneno.

"Lamar, Royce anasoma nini ndani ya kofia?"

"Kasema mwenyewe?"

"Picha imesema."

"Utepe," Lamar akajibu. "Macho yake ya karibu yamekwisha, kadi hawezi kuisoma. Nadine anamwandikia kanuni kwenye utepe mweupe, herufi kubwa, anaubandika ndani. Kofia mbili. Moja ya huku, moja ya ng'ambo. Tunamtania, tunamwambia ana vichwa viwili."

"Na wewe ulimkumbusha yadi ya kumi. Mbona ya pasi hukusema?"

"Nilisahau nami, Odell. Nakuapia. Alhamisi ile mechi ya Texas ilikwenda nyongeza mara tatu, na wakanasa pasi, wakakimbia nayo, tukawaacha, na kule ndiyo haki. Saa ishirini na nne baadaye ikatokea ileile. Filimbi ilikuwa kwenye meno yangu. Wote watano tulikuwa nayo kwenye meno." Alipumua. "Royce alitupigia jana. Akasema tunyamaze, yeye anajua la kufanya. La kufanya lenyewe ni lipi?"

"Utaambiwa," Odell akasema, akakata.

Saa nane na dakika ishirini Fern Oyler alipiga. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezungukwa.

"Nina wazazi wa Kersey thelathini nje ya mlango wangu na mkuu wa shule ya Talbot kwenye simu nyingine. Nimesikia Royce amekiri. Unayo hiyo karatasi?"

"Ninayo."

"Basi nisomee, tumalize."

"Saa kumi na moja, Fern."

"Odell, karatasi ya kukiri, yenye sahihi! Unataka nini zaidi?"

"Kifungo," Odell akasema.

Nadine Stallcup alikuwa bandani akiwamwagia kuku mahindi. Alimwona Odell akitokea, hakuonyesha mshangao. Alimaliza kumwaga, akapangusa mikono kwa aproni.

"Yuko ndani, amelala," alisema. "Halali. Amelala tu."

"Bi Nadine, kwenye majivu hakuna kifungo."

"Najua."

"Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu wako ameikata fupi mno."

"Hajazoea," Nadine akasema. "Miaka thelathini na minne sijamsikia akisema uongo zaidi ya kuhusu pai." Alimpita, akaingia gereji, akainua kifuniko cha friza. Alitoa mifuko ya bamia, mmoja, wa pili, wa tatu, na chini yake mfuko wa mkate uliofungwa fundo. "Alinipa nikachome. Nikamwambia nimechoma. Kwa hiyo na mimi ni mwongo, tumelingana."

Kofia ilikuwa imeganda kwa baridi, ngumu kama sahani. Odell aliigeuza. Utepe ulikuwa pale, umebandikwa kufuata mzunguko, mwandiko wa Nadine mzuri, wino mweusi: ALHAMISI. YADI 25. MNYORORO. WAKINASA – HAI.

"Ya Ijumaa?"

"Iko kwenye droo, safi, haijaguswa. Alhamisi walirudi wamechoka, akaiacha hii kwenye kiti cha pikapu. Ijumaa akaondoka kwa haraka, akaona kofia kwenye kiti, akavaa. Basi. Hiyo ndiyo hadithi yote. Kofia nyeupe ni kofia nyeupe."

"Irudishe hiyo."

Royce alikuwa mlangoni, soksi miguuni, miwani mkononi. Alimtazama mkewe kwanza, wala si kwa hasira, kisha akamgeukia Odell.

"Irudishe, nasema. Si yako."

"Royce, ulisoma kanuni zako kama mtu mwaminifu. Ulisoma kanuni za jimbo jingine. Hakuna mwenye nia mbaya anayesimama katikati ya uwanja kwenye barafu kusoma kanuni."

"Nani kakuuliza?" Royce akapanda sauti. "Fikiri kidogo, wewe mtu usiyekaa! Karatasi yangu inawapa wale watoto mechi yao Jumanne. Hiyo kofia inawapa nini? Eti refa mzee alichanganya kofia, poleni, rudisheni jezi! Kosa langu hakuna anayeruhusiwa kulirekebisha, kanuni imekataa. Dhambi inaruhusiwa. Basi nimewapa dhambi. Mimi nina sitini na moja, niite mwovu, nitakaa hapa na kuku. Ukweli wako unamsaidia nani?"

Odell alisimama. Tangu asubuhi ile ilikuwa mara ya kwanza miguu yake imetulia, na Nadine aliliona hilo. Lilikuwa swali zuri. Alilizungusha pande zote akitafuta pa kulishika, akakumbuka vidole vilivyochubuka.

"Nimeonana na mrushaji," akasema. "Colt Wesley. Unajua kaniuliza nini? Hakuuliza kanuni. Kaniuliza amekukosea nini."

Royce aliitazama kofia mkononi mwa Odell.

"Ukimpa karatasi yako, atacheza Jumanne. Labda atashinda. Na atakwenda maisha yake yote akijua kuna mtu mzima aliyemchukia hivyo bila kumjua. Yule wa Talbot naye ataambiwa zile yadi tisini na nane alizawadiwa na mwovu. Na Lamar na wenzake, kila Ijumaa watu watawauliza kama na wao walijua. Unagawa dhambi ambayo hukuifanya, Royce, na wanaoibeba ni wengi."

"Lakini watacheza," Royce akasema, safari hii kwa sauti ndogo. "Odell, ilikuwa bado mechi yao."

"Najua."

"Niliinua mikono yangu hii. Watoto wa Kersey wakalala chini kwenye barafu. Nikawaruka nikienda kuoga."

Nadine alimshika mkono. Alikuwa analia waziwazi, na hakujipangusa.

Odell alitazama saa. Ilikuwa saa tisa na nusu. "Saa kumi na moja nampa Fern vyote viwili, karatasi na kofia, na nitamwambia kipi ni kweli. Hilo halibadiliki. Lakini habari hii vijana wanaweza kuisikia redioni, au wanaweza kuisikia kwako. Vaa viatu."

Njiani Odell alimpigia Hutchens awaite wachezaji. Royce alikuwa ameipakata kofia, ikawa inayeyuka, inamlowesha suruali.

Hutchens alikuwa amewaita wachezaji, na walikuwa wamejaa kwenye chumba cha vyuma, wamekaa juu ya mabenchi na sakafuni, wengine bado na nguo za kanisa. Walipomwona Royce, pakazuka mnong'ono mbaya. Mmoja alisema tusi. Kocha akamwambia anyamaze, lakini hakumkemea kwa tusi lenyewe.

Royce hakupanda juu ya kitu chochote. Alisimama mlangoni.

"Mimi ni Royce Stallcup," alisema. "Nilisema niliwafanyia kusudi. Nimesema uongo. Nilikosea. Nilivaa kofia ya Alhamisi." Aliigeuza, akaivalia miwani, akausoma ule utepe wote kwa sauti, neno kwa neno, kama mtoto aliyesimamishwa darasani. "Hii ni kanuni ya ng'ambo. Kwenu haifanyi kazi. Leo asubuhi nilisema nimeichoma, ili mpate mechi. Bwana Battiest ameipata. Kwa hiyo mechi hampati. Kosa halifutwi."

Kelele zilipanda. Mtu alitupa chupa ya maji ukutani. Kocha Hutchens alikuwa ameziba uso kwa kiganja.

Colt Wesley alikuja mbele. Kelele zikashuka zenyewe, wakitaka kumsikia.

"Kwa hiyo mpira ulikufa mikononi mwa yule wa Talbot," akasema. "Pale kwenye yadi ya pili."

"Ulikufa."

"Kwa hiyo pasi yangu haikutufungisha."

"Pasi yako ilimaliza zamu yenu tu. Ilikuwa bado ishirini kwa ishirini. Mlikuwa na zamu ya kuzuia."

"Tungewazuia," Colt akasema.

"Labda."

"Tungewazuia!"

"Mimi sijui, mwanangu. Na wewe hutajua. Hicho ndicho nilichowanyang'anya, na sina cha kuwarudishia. Nisameheni."

Simu ya Odell ilitikisika. Alitoka kwenye korido.

"Kosa," alimwambia Fern Oyler. "Si kusudi."

"Na kukiri kwake?"

"Uongo. Nakuletea pamoja na ushahidi."

"Wazazi watanila nyama. Una uhakika?"

"Ninao. Kifungo kipo juu yake."

Aliporudi, Colt alikuwa amesimama kando ya kapu la nguo karibu na mlango. Alitoa jezi yake kwenye mkoba, akaitazama namba, akaiweka ndani. Hakuitupa. Mwingine akaja nyuma yake, kisha mwingine, mpaka ukawa mstari. Iliwabidi wote wampite Royce. Wengine walitazama pembeni. Wawili walimpa mkono. Yule aliyetukana alipita akatukana tena, lakini polepole. Hutchens alimwambia Royce kwamba anaweza kwenda, imetosha. Royce akasema atabaki mpaka wa mwisho. Odell alivuta benchi, akakaa, akangoja naye.

Wa mwisho alikuwa Colt, aliyerudi kuchukua mpira wake.

"Ya Ijumaa iko wapi?" akauliza.

"Kofia? Iko kwenye droo. Nyumbani."

"Usiichome," Colt akasema. "Mdogo wangu anaanza kucheza mwakani. Uje nayo hiyo."